Kila kigeu cha kati kilifaulu kikiwa peke yake, lakini vikiwekwa pamoja viwili vinapotea

Barua

Mpendwa Mshauri,

Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mitazamo ya wafanyakazi kazini, na nimekwama kwenye sura ya matokeo. Ninachotaka kujua ni kama mfanyakazi anayehisi kwamba mwajiri anamjali na kumuunga mkono huwa na nia ndogo ya kuacha kazi, na kama ndivyo, athari hiyo hupitia wapi. Nadharia nilizosoma zilinipa vigeu vya kati vitatu, yaani vitu ambavyo athari hupitia kabla ya kufika kwenye tokeo, ambavyo ni kuridhika na kazi, mfungamano wa kihisia na taasisi, na imani kwa mkuu wa kazi. Nilikusanya majibu ya wafanyakazi 318 kwa dodoso moja lililojazwa mara moja, kisha nikasanifisha alama zote.

Kwanza nilifanya uchambuzi mara tatu, kila mara nikiweka kigeu kimoja tu cha kati. Athari isiyo ya moja kwa moja ilikuwa -0.15 kupitia kuridhika na kazi, -0.26 kupitia mfungamano wa kihisia, na -0.09 kupitia imani kwa mkuu wa kazi, na hakuna hata moja ambayo masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 (yaani eneo ambamo thamani ya kweli inakadiriwa kuwamo) yaligusa sifuri. Nilifurahi, kwa sababu dhana zangu zote tatu zilionekana kuthibitika. Baadaye niliviweka vyote vitatu katika modeli moja, na mambo yakageuka. Mfungamano wa kihisia ulibaki na -0.25, kuridhika na kazi kukashuka hadi -0.04 na masafa yake yakavuka sifuri, na imani kwa mkuu wa kazi ikabadili alama kabisa ikawa +0.04, nayo masafa yake yakavuka sifuri. Athari jumla ya kuungwa mkono juu ya nia ya kuacha kazi ni -0.38, na athari ya moja kwa moja iliyobaki ni -0.13, ambayo masafa yake ni kuanzia -0.25 hadi -0.01.

Nilidhani vigeu vyangu vinafuatana mno, lakini vipimo vya VIF vyote viko chini ya 3, na vitabu vinasema hapo hakuna tatizo. Uhusiano kati ya kuridhika na kazi na mfungamano wa kihisia ni 0.65. Kuridhika nilikupima kwa maswali matatu (alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha uthabiti wa majibu, 0.66), mfungamano kwa kipimo cha Allen na Meyer chenye maswali manane (0.89), na imani kwa maswali matano (0.81).

Msimamizi wangu anasema niondoe vigeu viwili "visivyofanya kazi" na nibaki na kimoja, kisha niseme wazi kama kimebeba athari yote au sehemu tu. Mwenzangu wa darasani anasema nisiondoe kitu, bali nivipange kwa mnyororo: kuungwa mkono huzaa imani, imani huzaa kuridhika, kuridhika huzaa mfungamano, na mfungamano hupunguza nia ya kuacha kazi. Mimi nimebaki katikati. Je, uchambuzi wangu wa kwanza ulikuwa wa uongo? Nani nimfuate?

Mwanafunzi wa uzamili

Jibu

Mpendwa mwanafunzi,

Uchambuzi wako wa kwanza haukuwa wa uongo na wa pili haujaupinga. Kila mmoja umejibu swali lake, na mkanganyiko ulianza pale ulipoyasoma majibu mawili kana kwamba swali lilikuwa moja. Msimamizi wako na mwenzako wanajaribu kukutoa katika mkanganyiko huo kwa njia ambazo zote mbili zina kasoro, nami nitaeleza kwa nini, lakini tuanze na hesabu ambayo tayari unayo mkononi.

Jumlisha athari tatu ulizopata katika uchambuzi wa kigeu kimojakimoja: -0.15, -0.26 na -0.09. Jumla ni -0.50. Sasa itazame athari jumla uliyoniandikia, ambayo ni -0.38. Sehemu zimezidi kizima chake, ilhali hakuna sehemu yoyote iliyokuwa na alama ya kinyume ya kupunguza jumla hiyo. Hilo haliwezekani isipokuwa kama kuna kitu kimehesabiwa zaidi ya mara moja, na ndicho kilichotokea. Watu watatu waliobeba gogo pamoja, ukimuuliza kila mmoja faraghani ni nani aliyelibeba, kila mmoja atajitaja, na hakuna atakayekuwa amesema uongo. Ulipomweka kuridhika peke yake katika modeli, alipewa sifa ya kila kitu anachoshirikiana na mfungamano na imani, kwa kuwa wenzake hawakuwapo kudai fungu lao. Na ulipomweka mfungamano peke yake, fungu lilelile likahesabiwa tena kwa jina lake. Katika modeli ya pamoja hesabu inafungana: -0.04, -0.25 na +0.04 zinatoa -0.25, ukiongeza -0.13 ya moja kwa moja unapata -0.38. Modeli hiyo ndiyo inayogawanya athari jumla bila kurudia, na kwa sababu hiyo ndiyo inayopaswa kuwa msingi wa sura yako ya matokeo.

Ni lazima, hata hivyo, ujue koefisienti za modeli hiyo zinasema nini hasa. Njia inayotoka kwenye kuridhika kwenda kwenye nia ya kuacha kazi sasa inasomeka hivi: miongoni mwa wafanyakazi wanaohisi kuungwa mkono kwa kiwango kimoja, wenye mfungamano wa kiwango kimoja na imani ya kiwango kimoja kwa wakuu wao, je, yule anayeridhika zaidi ana nia ndogo zaidi ya kuondoka? Jibu la data yako ni kwamba tofauti hiyo, kama ipo, ni ndogo. Hiyo si sawa na kusema kwamba kuridhika na kazi hakuhusiani na kuacha kazi. Maana yake ni kwamba sehemu ya kuridhika ambayo haimo ndani ya mfungamano wala ndani ya imani haina mengi ya kuongeza. Ukiandika sentensi hiyo kama ilivyo, umesema kweli. Ukiandika kwamba "kuridhika si kigeu cha kati", umesema jambo ambalo data haikulisema.

Hapa ndipo VIF ilipokupotosha. Kipimo hicho kinaeleza ni kwa kiasi gani kufuatana kwa vigeu kunavimbisha kosa sanifu la koefisienti. Hakielezi kama koefisienti imebadilika maana. Vigeu viwili vyenye uhusiano wa 0.65 vinaweza kuwa na VIF ya 2, ambayo haimtishi mtu, na bado sehemu kubwa ya kile ulichokiita athari ya kimoja ikawa mali ya pamoja. Kanuni ya "chini ya 10" au "chini ya 5" inayopitishwa kutoka tasnifu hadi tasnifu haikutungwa kwa ajili ya swali lako.

Kuhusu imani iliyobadili alama, usiijengee hadithi. Thamani ya +0.04 ambayo masafa yake yanavuka sifuri inaweza kuwa sifuri iliyoyumba kidogo. Nimeona tasnifu zikitumia kurasa mbili kueleza kwa nini imani kwa kiongozi "huongeza" nia ya kuacha kazi, na mwandishi alikuwa akieleza kelele za sampuli. Alama za kinyume zinaweza kuwa za kweli, nazo zinapokuwa za kweli ni jambo la kuvutia. Chukua mfano wa uhuru wa kujiamulia kazini: unaweza kuongeza kuridhika, na hivyo kupunguza nia ya kuondoka, na papo hapo ukaongeza mzigo wa majukumu, na hivyo kuipandisha nia hiyohiyo. Njia mbili zikivutana kwa nguvu sawa, athari jumla inaweza kuwa karibu na sifuri ingawa ndani yake kuna mengi yanayotendeka. MacKinnon, Krull na Lockwood walilieleza jambo hili mwaka 2000, na ndilo linalowafanya wengi leo wasidai tena kwamba athari jumla iwe ya maana kitakwimu kabla ya kutafuta vigeu vya kati, kama ilivyodai hatua ya kwanza ya utaratibu wa kupima vigeu vya kati ambao Baron na Kenny waliuchapisha mwaka 1986. Lakini hoja ya mvutano inahitaji nadharia iliyotangulia na makadirio yanayosimama mbali na sifuri, na wewe kwa imani huna vyote viwili.

Sasa ushauri wa msimamizi wako. Akikutaka uondoe kuridhika na imani, modeli itarudi kuwa ile ya kigeu kimoja, na mfungamano utapanda tena kutoka -0.25 hadi -0.26. Utasema tofauti hiyo ni ndogo, na ni kweli, ila hiyo ni bahati ya data hii. Kama ungebaki na imani badala ya mfungamano, ungerudi kwenye -0.09 na kuamini kwamba umegundua kitu. Kibaya zaidi ni kwamba ukichagua vigeu baada ya kuona vipi vimefaulu, kisha ukaripoti masafa ya uhakika kana kwamba modeli ilikuwa hivyo tangu mwanzo, masafa hayo hayastahili tena kuitwa ya asilimia 95. Ulivipendekeza vigeu vitatu kwa nadharia, ukavipima vitatu, basi viripoti vitatu. Nadhani msimamizi wako anahofia kwamba watahini wataona dhana mbili zimeshindwa, na unaweza kumtuliza kwa kumwonyesha kwamba matokeo ya modeli ya pamoja yanaeleza zaidi kuliko yale ya kigeu kimoja.

Mwenzako naye amekupa wazo zuri kwa sababu isiyofaa. Mnyororo ni dai halali kama uliuweka kabla ya kuona data, na programu nyingi zinaukokotoa bila shida. Katika PROCESS, programu ya Hayes ya kuchambua vigeu vya kati, kwa mfano, modeli namba 4 ni ya vigeu vya kati vilivyo sambamba na namba 6 ni ya vilivyo kwenye mnyororo. Lakini angalia kinachobadilika na kisichobadilika. Rigresheni ya mwisho, ile inayotabiri nia ya kuacha kazi kutokana na kuungwa mkono na vigeu vyote vitatu vya kati, ni ileile katika modeli zote mbili. Kuridhika hakutafufuka hapo, imani haitageuka, na jumla ya athari zisizo za moja kwa moja itabaki -0.25. Mnyororo unachofanya ni kuigawa jumla hiyo katika njia saba badala ya tatu, kwa kuruhusu imani ipitie kwenye kuridhika na kuridhika kupitie kwenye mfungamano. Vigeu vitatu vinaweza kupangwa kwa namna sita, na kila njia kati yao ikiruhusiwa, namna zote sita zinaafikiana na data yako kwa usawa kabisa. Hakuna kipimo cha ulinganifu wa modeli kitakachokuambia kama imani huzaa kuridhika au kuridhika huzaa imani, kwa sababu vyote vilipimwa katika dodoso moja kwa wakati mmoja. Ukiuchagua mnyororo kwa kuwa ndio uliotoa njia yenye maana kitakwimu, utakuwa umefanya kosa lilelile la msimamizi wako ukiwa umelivika nguo ndefu zaidi.

Jambo ambalo hakuna kati yenu aliyeligusa, na ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni vipimo vyako. Umeniambia kwamba alfa ya kuridhika ni 0.66 na ya mfungamano ni 0.89. Vigeu viwili vinavyofuatana vikishindana katika rigresheni moja, kile kilichopimwa kwa makosa mengi hupoteza sehemu ya nguvu zake, na sehemu hiyo haipotei hewani: huhamia kwa jirani yake aliyepimwa vizuri. Kwa hiyo ushindi wa mfungamano unaweza kuwa, kwa kiasi fulani, ushindi wa maswali manane dhidi ya matatu. Hesabu moja ndogo inaonyesha ukubwa wa tatizo. Uhusiano wa 0.65 ukiugawanya kwa kipeuo cha pili cha zao la alfa hizo mbili, unapata takriban 0.85, ambao ndio uhusiano unaokadiriwa kuwapo kama vipimo visingekuwa na makosa ya nasibu. Meyer na wenzake walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2002 walipata uhusiano uliokwisha kusahihishwa wa karibu 0.65 kati ya mfungamano wa kihisia na kuridhika na kazi kwa ujumla. Wako umepita huo kwa mbali, na inapasa ujiulize kama maswali yako matatu ya kuridhika yanapima kazi yenyewe au yanapima hisia kuhusu taasisi. Yasome upya. Swali linalotaja fahari ya kuwa sehemu ya taasisi, kwa mfano, limekaa mahali pasipo pake.

Kisha geukia upande wa pili wa modeli. Kipimo cha mfungamano wa kihisia ambacho Allen na Meyer walikichapisha mwaka 1990 kina kauli ambayo mhojiwa husema kwamba angefurahi sana kuendelea na taasisi hiyo hadi mwisho wa maisha yake ya kazi. Iweke kauli hiyo kando ya swali lolote la nia ya kuacha kazi, na utaona kwamba moja karibu ni kinyume cha jingine. Kigeu cha kati ambacho ndani yake kina kipande cha kigeu tegemezi kitang'ara katika kila uchambuzi, nacho kitawafunika wenzake. Ondoa kauli hiyo, kokotoa upya alama za mfungamano, na urudie modeli nzima. Matokeo yote mawili yaripotiwe, moja kwenye matini na jingine kwenye kiambatisho. Ikiwa -0.25 itabaki karibu na ilipokuwa, dai lako litakuwa limepata nguvu ambayo hakuna mtahini atakayeitikisa kwa urahisi. Ikishuka sana, ni afadhali uligundue wewe.

Njia iliyo kamili zaidi ni kufanya kwanza uchambuzi wa faktari wa kuthibitisha, unaopima kama maswali yanajikusanya chini ya vigeu ulivyokusudia, ukilinganisha modeli inayotenganisha kuridhika na mfungamano na ile inayovichukulia kuwa kitu kimoja, kisha kupima athari zisizo za moja kwa moja kati ya vigeu fiche (vinavyokadiriwa kutokana na maswali huku makosa ya kipimo yakitengwa) badala ya wastani wa maswali. Kifurushi cha lavaan katika programu ya takwimu ya R kinafanya yote mawili, na programu ya Mplus pia. Usishangae makosa sanifu yakiongezeka. Ukiona modeli mbili zinalingana na data kwa kiwango kinachokaribiana, basi swali la "kipi kati ya kuridhika na mfungamano ndicho kinachobeba athari" halijibiki kwa dodoso lako, na hilo ni tokeo linalostahili kuandikwa.

Kuhusu namna ya kupima maana kitakwimu, nadhani tayari unatumia butstrapu, yaani kuteua upya safu 318 kutoka data yako, kwa kurudisha, mara elfu kadhaa, kwa kuwa umetaja masafa na si jaribio la Sobel, ambalo hupima athari isiyo ya moja kwa moja kwa fomula. Umefanya vyema, maana zao la koefisienti mbili halifuati mgawanyo wa kawaida, na jaribio la Sobel hudhani kwamba linaufuata. Chagua masafa ya asilimia (percentile), yanayokatwa moja kwa moja kwenye ncha za matokeo ya butstrapu, badala ya yale yaliyosahihishwa upendeleo (bias-corrected). Haya ya pili yana uwezo mkubwa kidogo wa kugundua athari, lakini tafiti za uigaji zimeonyesha kwamba wakati mwingine hugundua hata isiyokuwapo. Taja idadi ya marudio, ambayo 5000 inatosha, na namba ya kuanzishia uteuzi wa nasibu (seed) ili mtu mwingine aweze kupata matokeo yaleyale.

Masafa yanayovuka sifuri, hata hivyo, si uthibitisho wa sifuri. Fritz na MacKinnon walikokotoa mwaka 2007 ukubwa wa sampuli unaohitajika ili kuwa na uwezo wa 0.80, yaani nafasi ya asilimia 80, wa kugundua athari ya kigeu kimoja cha kati. Njia zote mbili, ile inayoingia kwenye kigeu cha kati na ile inayotoka humo, zinapokuwa ndogo, za 0.14 kila moja, butstrapu iliyosahihishwa upendeleo ilihitaji watu 462, na hatua za Baron na Kenny, pale ambapo hakuna athari ya moja kwa moja, zilihitaji 20,886. Wewe una 318 na vigeu vitatu vinavyogombania eneo moja. Njia yako ya kwanza, kutoka kuungwa mkono kwenda kuridhika, huenda ni kubwa, lakini njia ya pili baada ya kudhibiti wenzake ni nyembamba, na sampuli yako haina macho makali kiasi cha kutofautisha athari ndogo na kutokuwapo kwa athari.

Kwa sababu hiyohiyo usiseme kwamba mfungamano una nguvu kuliko kuridhika kwa kuwa mmoja umefaulu na mwingine umeshindwa. Kufaulu kwa kimoja na kushindwa kwa kingine hakuthibitishi kwamba viwili hivyo vinatofautiana. Ipime tofauti yenyewe. Preacher na Hayes katika makala yao ya mwaka 2008 kuhusu vigeu vingi vya kati walieleza namna ya kufanya hivyo: katika kila sampuli ya butstrapu unatoa athari moja kutoka kwa nyingine, kisha unatengeneza masafa ya tofauti hiyo. Kwako tofauti ni -0.21. Masafa yake yasipovuka sifuri, ndipo unapopata ruhusa ya kutumia neno "zaidi". Angalizo dogo: kulinganisha athari mbili zenye alama tofauti, kama za mfungamano na imani, kunaweza kupotosha, kwa sababu tofauti inaweza kuwa kubwa ilhali ukubwa wa athari zenyewe unakaribiana. Kwako hili halina uzito, kwa kuwa imani iko karibu na sifuri.

Suala la kubeba athari yote au sehemu lisikuchoshe. Athari yako ya moja kwa moja, yenye masafa kuanzia -0.25 hadi -0.01, ni mfano mzuri wa udhaifu wa majina hayo: kwa watu 318 unaandika "sehemu", na kwa watu 250 makadirio yaleyale yangeweza kukufanya uandike "yote", ingawa hakuna kilichobadilika katika ulimwengu wa wafanyakazi. Toa namba na masafa yake, useme kwamba kuna athari iliyobaki ambayo vigeu vyako vitatu havikuieleza, na uache hapo.

Limebaki suala la dodoso moja lililojazwa mara moja. Kila nilichokisema hapo juu kinachukulia kwamba mshale unatoka kwenye kuungwa mkono kwenda kwenye mitazamo, na kutoka mitazamo kwenda kwenye nia. Maxwell na Cole walionyesha mwaka 2007 kwamba data ya wakati mmoja inaweza kutoa makadirio yaliyopotoka sana ya mchakato unaotokea kwa muda, na kupotoka huko kunaweza kwenda juu au chini. Isitoshe, mtu aliyekwisha kuamua kuondoka huenda akajibu maswali yote, kuanzia ya mwajiri hadi ya mkuu wake, kwa jicho la mtu anayefunga mizigo. Butstrapu haitibu hilo, wala vigeu fiche havilitibu lote. Katika sura ya majadiliano tumia maneno kama "inalingana na" na "inahusishwa na", na katika mapendekezo utaje kwamba utafiti unaofuata upime kuungwa mkono kwanza, mitazamo baadaye, na nia mwisho, ukidhibiti viwango vya awali vya mitazamo na nia. Ikiwa wafanyakazi wako walitoka katika idara kadhaa zenye wakuu tofauti, angalia pia kama majibu ya watu wa idara moja yanafanana, maana imani kwa mkuu mmoja hushirikiwa na wote walio chini yake, na makosa sanifu yatakuwa madogo kuliko inavyopasa usipolizingatia hilo.

Umeuliza umfuate nani. Mpelekee msimamizi wako aya kama hii, baada ya kurudia hesabu kwa mfungamano usio na ile kauli ya kubaki, ukiweka namba mpya mahali pa hizi za sasa na kujaza nafasi iliyoachwa: "Vigeu vitatu vya kati vilipimwa kwa pamoja kama ilivyopendekezwa katika sura ya pili. Jumla ya athari zisizo za moja kwa moja ilikuwa -0.25. Athari inayopitia mfungamano wa kihisia ilikuwa -0.25, nayo ilitofautiana na ile inayopitia kuridhika na kazi kwa -0.21, masafa ya uhakika ya asilimia 95 yakiwa …. Kuridhika na kazi na imani kwa mkuu wa kazi vilionyesha athari vilipochambuliwa kimojakimoja, lakini havikuonyesha mchango wa ziada unaoweza kutofautishwa na sifuri baada ya kuzingatia mfungamano. Kwa kuwa kuridhika kulipimwa kwa maswali machache yenye alfa ya 0.66, tokeo hilo la pili lisomwe kwa tahadhari." Jedwali la uchambuzi wa kigeu kimojakimoja liweke kwenye kiambatisho, na chini yake uandike kwamba athari hizo hazijumlishiki.